Inua Mikono, Shika Kichwa

Vijana wa chumba cha picha, mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, kanga za mke wangu, na agizo la kuandika. Saa nimeitundika sebuleni na inawahi dakika kumi kila siku. Kanga zimeshavaliwa. Limebaki agizo, nami nimekaa nalo barazani tangu asubuhi, miwani puani, nafuta maneno mengi kuliko ninayoyaacha.

Sitawaambia nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwaje. Hayo hayamsaidii mtu anayesimama mbele ya mgonjwa. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya kosa moja nililolifanya kwa miaka mingi huku nikijiona fundi. Hospitali sitaitaja jina. Kosa lilikuwa langu, na hospitali ina matatizo yake ya kutosha.

Nilianzia Masasi. Mimi ni mtoto wa upande wa Lupaso, baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa, na alitaka niwe mwalimu kama yeye. Nilipomwambia nakwenda kujifunza kupiga picha za mifupa aliuliza kama mifupa hiyo ni ya watu walio hai. Nikamwambia ndiyo. Akasema afadhali.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Nanjota, mtu mfupi, mkavu, mwenye koti jeupe lililooshwa mpaka likawa la kijivu. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinisimamisha mimi mwenyewe mbele ya ubao anapoegemea mgonjwa na kuniweka katika mikao yote, mmoja baada ya mwingine: mkao wa kifua, wa goti, wa nyonga, wa shingo. Nilisimama tangu kengele ya asubuhi hadi chakula cha mchana, na kila nilipotikisika alinirudisha mwanzo.

"Ukishachoka wewe," alisema, "ndipo utajua mgonjwa anachoka vipi. Na picha inaanza mtu anapoingia mlangoni, siyo anapofika kwenye mashine. Mtazame anavyokuja."

La kuchoka nililishika siku ile ile. La kumtazama mtu akija niliitikia tu, kama mnavyoniitikia ninyi.

Kati ya mikao yote, ule wa mgongo kwa ubavu ndio niliojivunia. Mgonjwa anasimama ubavu kwenye ubao, bega moja limeigusa kaseti yenye filamu. Taabu ni mikono. Akiiachia ining'inie, mifupa ya mkono inaangukia juu ya uti wa mgongo, na daktari anaona kitu kama kuni zilizorundikwa. Kwa hiyo mikono lazima iondoke njiani. Mzee Nanjota alinifundisha kama alivyofundishwa naye: inua mikono, shika kichwa, vuta pumzi, usipumue. Niliyasema maneno hayo mara nyingi hata mke wangu akanishtaki kwa mama yangu kwamba namwamrisha usingizini.

Nilihamishiwa kule juu, upande wa Newala, katika ile miaka tuliyoiita ya ruksa. Wenye umri wangu wanakumbuka. Maduka yaliyokuwa na viberiti na sabuni za magendo yakajaa ghafla. Mitumba ikafika, ndoo za plastiki zikafika, nyekundu, bluu na kijani, zikayafukuza madebe yetu mazito. Kitu ambacho soko huria halikuleta ni maji. Maji yalibaki yalikokuwa, chini bondeni, na bomba la mjini lilitoka lilipojisikia. Wanawake waliteremka ukingo wa uwanda wa juu gizani alfajiri na kupanda na jua kichwani, juu ya jua ndoo.

Sasa, filamu ya eksirei haipigwi tu ikaisha. Inaingia katika chumba cha giza, inapita kwenye dawa ya kusafishia, kisha ya kukazia, halafu inataka kuoshwa kwa maji mengi safi, la sivyo inatoka na mabaka. Mahali pasipo maji ya kunywa, mimi nilikuwa naosha picha. Tukaweka utaratibu ambao haukuandikwa popote: anayekuja kupigwa picha aje na ndoo moja ya maji. Wengine walikuja nayo kutoka kijijini kwenye baiskeli, wengine walichota kwenye tangi la misheni na kupanda nayo. Naona mnacheka. Ninyi mnaangalia picha kwenye kioo, hamjawahi kumwomba mtu aliyevunjika mguu alete maji.

Hivyo ndivyo alivyoingia Mama Zuhura mara ya kwanza, mwanamke wa kijiji cha Makote, wa umri kama miaka thelathini, mwembamba, ana ndoo nyekundu kichwani, peke yake. Nakumbuka vizuri maana nilimpenda alivyoingia. Alikuwa wima kabisa, ameishika ndoo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bwana Picha."

"Marahaba, mama. Hujambo? Nani kakutwisha mgonjwa ndoo?"

"Nimejitwisha. Haijajaa, nusu tu. Hii hainiumizi. Kinachoniumiza ni kuinama, na kutembea mikono mitupu."

Nilidhani anatania. Nikacheka, nikaipokea ndoo, nikasoma cheti: maumivu ya mgongo, miezi minne. Nikamsimamisha kwenye ubao. Inua mikono, mama. Shika kichwa. Akainua, na nikamsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Hapo ndipo ninapopata nafuu," akasema.

"Usiongee, mama. Vuta pumzi. Usipumue."

Picha ilitoka safi, kasoro mabaka mawili pembeni. Daktari wetu, kijana mwema kutoka Bukoba aliyekuwa peke yake na wodi tatu, aliiinua dirishani, akaitazama, akaandika: mgongo umenyooka, uchovu wa misuli, apumzike, apewe dawa ya maumivu. Siku zile hatukuwa na mahali pa kutunza filamu, panya walikuwa wanakula bahasha, kwa hiyo mgonjwa aliondoka na picha yake. Mama Zuhura aliondoka na yake ameizungushia kanga. Na mimi nikaenda kunywa chai.

Miezi miwili baadaye alirudi, siyo kwa miguu yake. Mdogo wake, Somoe, alimleta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, amemfunga kwa kanga kiunoni asidondoke. Niliwakuta wamekaa kwenye benchi nje ya chumba changu. Mama Zuhura alikuwa ameinama mbele, amejikaza, viganja viwili vimekandamiza mapaja kama vinamshikilia kiwiliwili kisianguke. Sikumtambua mpaka aliponisalimu.

"Bwana Picha," Somoe akasema, na alikuwa na hasira kiasi cha kusahau salamu, "dada yangu anaambiwa anajifanya."

"Nani anasema?"

"Wote. Picha yako imesema."

Akanieleza. Mumewe, Baba Zuhura, siyo mtu mbaya, alikuwa amechoka kuteka maji mwenyewe na kupika mwenyewe huku majirani wakimcheka. Kila akimwambia mkewe ashike jembe, mkewe anasema mgongo. Mwisho akaomba kikao. Wakakaa wazee wa pande zote mbili, na mjomba wa Mama Zuhura, Mzee Chitanda, ndiye aliyekiongoza kwa sababu kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba Zuhura akaitoa ile filamu kwenye kanga, akaiinua juani kila mtu aone, akasoma na cheti cha daktari: mgongo umenyooka. Ikapita mkono kwa mkono. Kila mzee aliona mstari ulionyooka, hata asiyejua kusoma. Mzee Chitanda akamwambia mpwa wake kwamba hospitali imeshatoa ushahidi, na kama korosho zikianza kuanguka hajarudi shambani, ndoa itavunjwa na aibu ataibeba mwenyewe.

"Mjomba wetu mwenyewe," Somoe akasema. "Tumbo moja na mama yetu."

Mama Zuhura alikuwa akiangalia miguu yake. Nikamuuliza ina nini. Akasema tangu wiki iliyopita inakuwa mizito, kama siyo yake, na kandambili zinamvuka bila habari.

Nilimsaidia kusimama. Alijipinda kwenda mbele toka kiunoni, na hakuweza kujinyoosha. Huyu ndiye yule aliyeingia kwangu wima na ndoo nyekundu? Nikamwambia, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu: "Hebu inua mikono, mama."

Akainua. Mabega yakarudi nyuma, kiuno kikaingia ndani, na mbele ya macho yangu akawa wima. Akashusha pumzi ile ile. Nikamwambia ateremshe. Akateremsha, akajipinda tena. Nikamwinulisha mara tatu, yule mwanamke mgonjwa, mpaka Somoe akanishika mkono, akasema inatosha.

Hapo ndipo nilipoiona ile ndoo upya. Mwanamke wa kule juu hashiki ndoo kwa mikono miwili. Anayeshika kwa miwili ni mtoto wa miaka saba anayejifunza. Mtu mzima anatembea nayo mikono mitupu, anaongea, anamenya chungwa. Mama Zuhura aliingia kwangu amenyoosha mikono juu kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuuzuia mgongo wake usimwangushe, na akaniambia hivyo kwa kinywa chake, nami nikacheka.

Nilikwenda kwa daktari kuomba picha nyingine.

"Picha ipo," akasema. "Tena nzuri. Na filamu zimebaki sita mpaka gari la Mtwara lije."

"Picha ile siyo ya mgongo wake, Daktari. Ni ya mgongo wake akiwa ameinua mikono."

"Sasa wewe si ndivyo unavyopiga siku zote?"

"Ndivyo. Ndiyo maana nimekuja."

Alinitazama, nikajua ananihesabu kati ya walioguswa na jua. Nikamwomba nusu saa. Nilirudi chumbani, nikafunga jiwe kwenye uzi na kuutundika kwenye msumari, kama fundi anavyopima ukuta. Muuguzi Anjela akasimama ubavu kwenye uzi, mikono chini: sikio, bega na nyonga vilikaa kwenye mstari mmoja. Akainua mikono na kushika kichwa: mabega yalirudi nyuma ya uzi kwa upana wa vidole vinne, na kiuno kikabonyea. Hakujua kama amesogea. Nikamweka karani, nikamweka mfagiaji, mwishowe nikasimama mimi huku Anjela akitazama. Wote tulirudi nyuma. Ukiinua mikono, uzito unakuja mbele na juu, na mwili, bila kukuuliza, unautupa mgongo nyuma usianguke. Kwa mtu mwenye afya ni jambo dogo. Kwa mgongo ulioanza kuporomoka ni kuufunika.

Tukatafuta mikono iwekwe wapi. Tukijaribu kukumbatia kifua, mabega yanajikunja. Tukishika mti uliosimama mbele, mwili unaufuata mti. Mwishowe Anjela, kwa kuchoka tu, akaweka vidole kwenye mifupa ya mtulinga, hapa chini ya shingo, kama mtu anayeshikilia kanga isidondoke mabegani, viwiko vikiangalia mbele. Uzi haukusogea, au ulisogea kidogo mno. Na mikono ilikuwa imeondoka njiani.

Daktari alikuwa amekuja mlangoni, sijui tangu lini. Akasema, "Piga."

Nilimsimamisha Mama Zuhura, Somoe amemshika nyonga. Sikumwambia ainue mikono. Nilimwambia, mama, weka vidole hapa, kama umeshika kanga, na usijikaze, simama kama unavyosimama nyumbani ukiwa hakuna anayekuangalia. Akaanza kulia. Nilisubiri amalize, maana picha ya mtu anayelia inatikisika, na kwa sababu mimi pia nilihitaji muda.

Siku ile hawakuja na maji, kwa hiyo niliiosha filamu kwa maji yangu ya kunywa. Nilipoitoa kwenye chumba cha giza haikuhitaji daktari. Pingili mbili za katikati ya mgongo zilikuwa zimeliwa kwa mbele, zimeinamiana, na mgongo umepinda hapo kama kiwiko. Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari aliiangalia, akakaa kwenye ngazi ya mashine, akasema polepole kwamba angemwona wiki tatu baadaye huenda asingesimama tena. Akamlaza siku ile ile na kumwanzishia dawa.

Wiki za mwanzo hatukujua miguu itakwendaje. Nilipita wodini kila asubuhi kabla ya kufungua chumba changu, na kila asubuhi nilimkuta akijaribu kutikisa vidole vya miguu chini ya shuka. Nilikuwa namwonea huruma na nilikuwa nimejaa aibu, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja havimwachi mtu ale vizuri. Siku aliyonionyesha kidole gumba cha kushoto kinainuka, Somoe alipiga vigelegele hadi akafukuzwa wodini.

Katikati ya majira hayo nilishuka Masasi kumwona Mzee Nanjota, aliyekuwa amestaafu na kufuga mbuzi. Nilikwenda kumweleza, siyo kumlaumu. Nilimchorea mchangani, nikamwonyesha na uzi. Alisimama yeye mwenyewe ubavu kwenye ukuta wa nyumba yake, akainua mikono, akateremsha, akaweka vidole kwenye mtulinga. Kisha akakaa chini, mkono umeegemea mgongo wa mbuzi.

"Nimewainulisha watu mikono miaka ishirini na sita," akasema. "Wangapi nimewarudisha nyumbani na picha nzuri?"

Tulikula muhogo, akanisindikiza hadi barabarani, na hakulisema tena. Lakini baadaye nilisikia alikwenda kwa miguu hadi hospitali yake ya zamani kuwafundisha vijana mkao mpya, na walipochelewa kumwelewa aliwasimamisha ukutani asubuhi nzima.

Mama Zuhura alitoka wodini baada ya miezi mingi, kwa fimbo, mgongo umebaki na nundu ndogo ambayo haitaondoka. Wiki ya pili kijijini akaniletea ujumbe kupitia Somoe: mjomba ameitisha kikao kingine juu ya ndoa yake, na yeye anaomba nije. Daktari alitaka kuandika barua badala yake. Nikamwambia barua yetu ya kwanza ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nilipanda baiskeli hadi Makote. Walikuwa wamekaa chini ya banda la korosho, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, Mzee Chitanda kwenye kiti cha kukunja. Baba Zuhura alikuwa na ile filamu ya kwanza, ameitunza kwenye mfuko wa nailoni wala haina mkunjo. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema kabla hata sijapewa maji:

"Mimi siyo mkatili, Bwana Picha. Mimi ningefanyaje? Mke anasema anaumwa, hospitali inasema mgongo umenyooka. Niliamini hospitali. Nani haamini hospitali?"

"Hukukosea kuamini," nikamwambia. "Nipe hiyo."

Niliziinua filamu mbili juani, yake na ile ya pili niliyokuja nayo, moja mkono huu, moja mkono ule, na kuwaita wazee waje karibu. Hata kwenye ile ya kwanza, nilipowaonyesha, waliiona nafasi kati ya pingili mbili imebana. Ilikuwepo tangu siku ile. Ila mimi na daktari tuliona mstari umenyooka, tukaacha kutafuta. Nikawaeleza habari ya mikono. Mzee Chitanda alinyanyuka kwenye kiti, akainua mikono yake, akaishusha, akainua tena, na wazee wengine wakamfuata mmoja mmoja, banda zima la wanaume wameinua mikono mchana kweupe. Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo mpwa wangu hakusema uongo," Mzee Chitanda akasema.

"Hakusema uongo. Picha ndiyo iliyosema uongo, na aliyeipiga ni mimi."

"Rudia," Mama Zuhura akasema kutoka kwenye mkeka. Ndilo neno lake la kwanza siku hiyo.

Nikadhani bibi zake walio nyuma hawakusikia. Nikageuka upande wao, nikapaza sauti: Mama Zuhura hakusema uongo, aliumwa kweli, kosa ni langu. Baba Zuhura aliinamisha kichwa, akaiweka ile filamu chini, akasema mbele ya wote, "Mama Zuhura, nisamehe." Mjomba naye akaomba radhi, kwa Chimakonde. Wanawake wakaanza kufuta macho. Nilidhani kikao kimekwisha, nikaanza kutafuta baiskeli yangu ilipo.

"Bwana Picha," akaniita. "Rudia tena."

"Wamesikia, mama. Wote wamesikia."

"Wao wamesikia," akasema. "Mimi je? Miezi ile nilikuwa naamka alfajiri nainama kuwasha moto, nashindwa, najiambia wewe mwanamke, picha imesema umenyooka, kwa nini unajifanya? Nilifika mahali nikaiamini na mimi. Niambie mimi."

Nikaenda nikapiga magoti kwenye mkeka mbele yake, nikamwambia yeye.